Sehemu Isiyoachiwa Fundi

Gari likikosa breki kwenye mteremko na kugonga watu, polisi, hakimu na wafiwa wote huanza na swali lilelile: mwenye gari ni nani, na alikuwa akilitunzaje? Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 na Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, hazikubali gari litembee barabarani likiwa katika hali ya kuhatarisha wengine. Dini ziliuliza swali hilo magari hayajazaliwa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinamzungumzia ng'ombe aliyempiga mtu pembe akamuua. Mwenye ng'ombe hadaiwi damu ile kama mnyama wake hakuwa na mazoea hayo, lakini kama alikwisha kuonywa naye hakumfunga, hana pa kujificha. Fiqhi ya Kiislamu inafika karibu na hapo kuhusu mtu aliyepewa amana: halipi kilichoharibika mikononi mwake ila awe amevuka mipaka au amezembea. Katika hukumu zote hizi kiungo ni ujuzi. Huwezi kumwita mtu mzembe katika jambo ambalo hakuwa na njia ya kulijua. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kwangu ni la falsafa kabla halijawa la gereji: je, mtu anaweza kuwajibika kwa mashine iliyotengenezwa ili asiijue?

Jibu ninalolitetea ni kwamba anawajibika kwa kiasi kile tu ambacho mashine yenyewe inamwachia nafasi ya kuijua. Tukilikubali hilo, wepesi wa mtu kulihudumia gari lake kwa mikono yake, ambao kwa kawaida tunauzungumza kama habari ya kubana matumizi, unakuwa sharti la kimaadili. Mfano wangu ni gari lisilo na fahari yoyote, Toyota Corolla ya miaka ya 1990: ile 100 iliyotoka Japani mwaka 1991, na 110 iliyoifuata mwaka 1995. Jina la Corolla lilianza mwaka 1966, na kufikia mwaka 2021 magari milioni 50 yalikuwa yameuzwa kwa jina hilo duniani. Ni gari la mwalimu, la nesi, la mchungaji wa kanisa dogo na la dereva wa teksi. Waliolichora hawakuwa wakiandika risala ya maadili, na kwa sababu hiyo hasa linafaa kuwa ushahidi: ukilikuta jambo jema ndani yake, halikuwekwa humo ili lisifiwe.

Kabla ya kufungua boneti tuazime kipimo. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu cha elimu kinachoifungua Ihya Ulum al-Din, aliifafanua elimu inayowapasa watu katika mafungu mawili ambayo msomaji wa pwani anayajua tangu chuoni. Kuna faradhi kifaya, ambayo wakiisimamia baadhi wengine wanaondokewa na lawama. Humo aliweka utabibu na hesabu, pamoja na kazi za mikono kama ukulima na ufumaji, kwa kuwa mji usio na watu wa kazi hizo hauwezi kuishi. Na kuna faradhi ain, ambayo kila mmoja inampasa mwenyewe, wala hapana wa kumwakilisha. Kinachonivuta katika maelezo yake ni kwamba faradhi ain ya elimu inakua pamoja na hali ya mtu. Asiye na mali halazimiki kujifunza hesabu za zaka, lakini akiipata mali na mwaka ukaizungukia, elimu hiyo imeshamwangukia. Anayeingia sokoni kuuza na kununua imempasa kujua riba inaanzia wapi. Jukumu halimfikii mtu peke yake, linafuatana na elimu yake.

Basi mtu akishika usukani wa chombo chenye uzito wa kama tani moja, katikati ya watoto wanaovuka barabara kwenda shule, ni ujuzi gani umekuwa wajibu juu yake binafsi? Kusaga vali na kuchonga silinda ni faradhi kifaya. Mji una mafundi wake, na Mungu awape nguvu. Lakini kujua kama oili ipo na ina hali gani, kama maji ya rejeta yanapungua na yanapotelea wapi, pedi za breki zimebaki unene gani, tairi linaliwa upande mmoja kwa nini, na ule mlio ulioanza jana unatoka mbele au nyuma, haya hayana wa kukujulia. Fundi hayupo alfajiri unapoliwasha gari. Hayupo mvua inaponyesha na breki zinaanza kuvuta upande. Nauazima mgawanyo huu kwa makusudi nikijua kwamba Ghazali hakuwa akifikiria pedi za breki, lakini mantiki yake inafika hapa bila kulazimishwa.

Sasa boneti. Corolla 110 yenye injini ya 5A, silinda 4, ujazo wa sentimita za ujazo 1,498, ina nafasi ya kupitisha mkono pande zote, na kijiti cha kupimia oili kipo mahali jicho linapokiona bila kutafuta. Nati ya kumwagia oili inafunguka kwa spana namba 14, na injini inameza kama lita 3. Chujio la hewa limeshikwa kwa klipu, halidai hata spana. Spana namba 10, 12, 14 na 17 zinafungua sehemu kubwa ya vitu ambavyo mwenye gari atahitaji kuvigusa. Plagi nne zimesimama wima juu ya hedi, kila moja na waya wake unaotoka kwenye distributa. Ukizitoa, unazisoma: yenye masizi meusi makavu inasema petroli imezidi hewa, iliyolowa oili inasema oili inapenya hadi chumba cha moto, iliyopauka kuwa nyeupe inaonya juu ya joto, ya kahawia hafifu ina afya. Fundi wa miaka 30 na mwenye gari aliyeanza mwezi uliopita wanaangalia ushahidi uleule. Mmoja ataufasiri vizuri zaidi, bila shaka, ila hakuna kati yao aliyefichwa kitu.

Wapo wanaodhani magari haya yanafunguka kwa urahisi kwa sababu hayana kompyuta. Sivyo. Yanayo, na hapo ndipo ushahidi wangu ulipo mzito zaidi. Chini ya boneti kuna kiboksi kidogo cha plastiki chenye matundu yaliyoandikwa kwa herufi. Ukiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, kisha ukafungulia swichi bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kumetameta kwa hesabu. Mara mbili, inanyamaza kidogo, mara mbili tena: hiyo ni 22, njia ya sensa ya joto la maji. Mara nne kisha mara moja: 41, sensa ya mlango wa hewa. Kompyuta inasema ugonjwa wake kwa yeyote aliyekuja na kipande cha waya, bila kuulizwa nywila na bila kudai ada. Waliounda mfumo ule walikuwa na uwezo wa kuufunga. Walichagua kumwekea mwenye gari njia ya kuuliza, na chaguo lile lina uzito wa kimaadili kuliko nusu ya matangazo ya biashara yanayotuambia kwamba mteja ni mfalme.

Niongeze jambo moja ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mkanda wa taimingi wa injini hii unapaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukisahaulika na ukakatika, injini inazimika na gari linasimama. Lakini kwa jinsi vali na pistoni zilivyopangwa, haziwezi kugongana. Unafunga mkanda mpya, unapanga alama zake, safari inaendelea. Katika injini nyingi nyingine usahaulifu uleule unapinda vali na kuua hedi nzima. Wahandisi wana sababu zao za kubana nafasi ile, na baadhi ni za haki, kwa kuwa injini iliyobanwa inaweza kutoa nguvu zaidi kwa petroli ileile. Hata hivyo injini inayosamehe inamfanya anayejifunza aweze kujifunza. Elimu ya mikono haipatikani pasipo makosa, na mashine inayoadhibu kila kosa kwa kifo inawafukuza wanafunzi wote mlangoni. Mtu anayetaka kutimiza wajibu wake kwa ujuzi anahitaji chombo kinachomvumilia hadi aujue.

Mwanafalsafa wa Napoli, Giambattista Vico, mwaka 1710 alidai kwamba mtu anakijua kwa hakika kile alichokitengeneza mwenyewe. Kwa kipimo hicho kikali hakuna mwenye gari anayelijua gari lake. Naamini dai hilo linaweza kulegezwa bila kuvunjika: kitu unachoweza kukifungua na kukirudisha kikafanya kazi, umeshiriki kwa kiasi katika kutengenezwa kwake, na umekijua kwa kiasi hichohicho. Kuna tofauti kubwa kati ya kuambiwa kwamba breki zimekwisha na kuishika mkononi pedi iliyobaki milimita mbili. Aliyeishika haendeshi tena kwa namna ileile. Anajua kila anapokanyaga pedeli ni kitu gani kinaliwa. Mwenye kumwaga oili kwa mkono wake pia amejikuta na lita 3 za uchafu mweusi ambazo lazima aamue azipeleke wapi. Gereji ilipokuwa ikimfanyia, hakujua kama oili ile iliuzwa, ilitunzwa au ilimwagwa mtaroni ikashukia visima vya majirani. Sasa anajua, na hawezi kudai hakujua. Katika mtindo wa kutotaka kujua, madhara yote hayo yalikuwapo, ila yalikosa mwenyewe.

Linganisha na njia ambayo magari mengi mapya yanaifuata. Albert Borgmann, Mjerumani aliyefundisha falsafa Montana nchini Marekani, aliandika mwaka 1984 juu ya vifaa vya kisasa vinavyotupa faida na kuficha mtambo: joto bila kuni, muziki bila mpigaji. Alihofu kwamba pamoja na mtambo tunafichwa pia uhusiano, ustadi na wajibu uliokuwa ukiuzunguka. Gari jipya linatimiza maelezo yake kwa namna ambayo sidhani kama inapendeza. Giaboksi haina kijiti cha kupimia. Breki ya mkono imekuwa mota ya umeme, na katika magari mengi huwezi kubadilisha pedi za nyuma mpaka kompyuta iamriwe kuirudisha nyuma. Betri mpya katika baadhi ya magari lazima itambulishwe kwa kompyuta, na kuna spea halali kabisa ambayo gari linaikataa hadi mwenye mamlaka aisajili. Mwaka 2015, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilipokuwa ikipokea maoni kama wamiliki waruhusiwe kugusa programu za magari na matrekta yao, kampuni ya John Deere iliandika kwamba mnunuzi hapati umiliki wa programu inayoendesha mashine, anapata ruhusa ya kuitumia kwa muda wa uhai wa mashine hiyo. Ruhusa ya kurekebisha ilitolewa mwaka huohuo licha ya pingamizi hilo. Ila tazama maana ya hoja ile. Mkulima amelipa bei nzima na jina lake liko kwenye hati. Trekta likiua mtu, yeye ndiye atakayeitwa. Halafu anaambiwa kwamba kinacholifanya trekta liwe trekta si chake. Amebaki na lawama, na njia ya kuiepuka imebaki mikononi mwa mwingine. Mwenye ng'ombe wa Kutoka angalau aliweza kumtazama mnyama wake.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni zito na la kale. Plato katika Jamhuri alijenga mji wake juu ya kanuni kwamba kila mtu afanye kazi moja anayoiweza. Daktari asishone viatu, mshonaji asitibu. Kwa nini mhasibu alale chini ya Corolla ilhali Gerezani, jijini Dar es Salaam, kuna vijana wanaoweza kazi hiyo usingizini, na watoto wao wanakula kwa kazi hiyo? Nakubali sehemu kubwa ya pingamizi hili. Sidai kwamba kila mtu awe fundi, na mtu anayemnyima fundi riziki ili ajisikie shujaa hajatenda wema. Lakini kumwamini mtu na kujisalimisha kwake ni mambo mawili. Anayeijua pedi nzima na iliyokwisha anaweza kumwamini fundi kwa sababu, akamsifu kwa haki na kumhoji kwa heshima. Asiyejua chochote hawezi hata kuamini, anabahatisha. Kwenye gari lililo wazi, fundi mwaminifu ananufaika zaidi ya wote, kwa kuwa kazi yake inaonekana na mteja anaweza kuitofautisha na ya mlaghai aliyepangusa plagi za zamani akatoza bei ya mpya. Aidha, gari lililofungwa halimpelekei kazi fundi wa mtaani. Linampita na kwenda kwa mwenye mashine ya kusomea na leseni yake. Wale wanaolia kwamba mwenye gari anayejihudumia anawaua mafundi wa Grogan jijini Nairobi au wa Kisekka mjini Kampala wanamtazama mtu asiye na hatia: mlango unaofungwa mbele ya mwenye gari unafungwa mbele ya fundi huyohuyo.

Pingamizi la pili nalichukulia kwa uzito kuliko yote, kwa sababu linahusu maisha ya watu. Corolla ya mwaka 1995 haina mfumo wa kuzuia gari lisiserereke; nyingi zilitoka na vifaa vichache vya usalama; mwili wake hauwezi kuwalinda abiria kama wa gari la leo; na moshi wake, hasa likiwa limechoka na kichujio cha moshi kimeng'olewa kikauzwa, ni dhuluma kwa mapafu ya kila aliye nyuma yake. Haya ni kweli, wala ustadi wa mwenye gari hauwezi kuyafidia. Hakuna spana inayompa mtoto wa kiti cha nyuma mfuko wa hewa ambao gari halikuja nao. Mtu akiniambia kwamba amelinunua gari jipya kwa ajili ya usalama wa wanawe, sina la kumlaumu, na katika nafasi yake huenda hiyo ndiyo faradhi inayotangulia. Ninachokataa ni kufungwa mkataba kati ya usalama na ufungaji, kana kwamba kimoja hakiji bila kingine.

Historia ya miaka 30 iliyopita inaukanusha mkataba huo. Mnamo mwaka 1996 Marekani ilitaka kila gari jipya dogo liwe na tundu la aina moja la kusomea hitilafu, lenye namba za hitilafu za aina moja, na sababu yake ilikuwa udhibiti wa moshi. Yaani usafi wa hewa ndio uliolazimisha uwazi. Leo kisomeo cha tundu lile kinauzwa kwa bei ya mlo wa familia na kinazungumza na simu ya mkononi. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts walipitisha kwa wingi mkubwa sheria ya kuwataka watengenezaji wawape wamiliki na gereji huru taarifa zilezile wanazowapa mawakala wao, na baada ya hapo, mwaka 2014, watengenezaji wakakubaliana kuufuata utaratibu huo nchi nzima. Mifuko ya hewa haikuacha kufunguka kwa sababu hiyo, wala breki hazikulegea. Kwa hiyo mfumo unaoliokoa gari lisiserereke unaweza kuwepo pamoja na kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Kuunda kimoja ni kazi ya uhandisi. Kukiondoa kingine ni uamuzi wa mtu, na uamuzi wa mtu unaulizika.

Kuna pia wanaosema, kwa huruma ya kweli, kwamba mikono isiyojua itaua. Wapo waliokufa chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, na wapo waliobabuliwa uso kwa kufungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa bado ya moto. Mtu anayefunga breki vibaya hajihatarishi peke yake. Sina njia ya mkato hapa: gari liwekwe stendi kabla kichwa hakijaingia chini yake, na asiyewahi kufundishwa kutoa hewa kwenye breki asijifunzie kwa abiria. Ila kujua ukomo wako ni sehemu ya ujuzi huohuo, na haupatikani kwa kukaa mbali. Anayejua kubadilisha oili ndiye anayeielewa hatari ya kugusa springi. Asiyegusa chochote anaona kazi zote kuwa sawa, na ndiyo maana anaweza kushawishika kwamba breki ni jambo dogo la kuahirisha hadi mwisho wa mwezi.

Pingamizi linaloniuma ni la umaskini. Watu wengi wa kwetu wanaendesha gari la miaka 25 kwa sababu hawana fedha ya kununua jingine, na wanalala chini yake Jumapili kwa kuwa hawana ya kumlipa mtu. Kumsimulia mtu huyo kuhusu Vico na heshima ya kazi ya mikono kunaweza kuwa ukatili wa aliyeshiba. Nakubali kwamba wema wa kulazimishwa si wema kamili. Aristotle angesema hivyo, na angesema kweli. Hata hivyo tuangalie umaskini unafanya nini mbele ya mashine ya aina hizi mbili. Gari lililo wazi linampa maskini kitu ambacho tajiri hawezi kumnyang'anya: akitumia muda na akili yake, anaweza kuweka familia yake katika usalama ambao fedha zake zisingeununua. Gari lililofungwa linaigeuza kila hitilafu kuwa bili, na asiye na fedha ya bili anabaki na machaguo mawili, aliegeshe gari au aliendeshe bovu. Wengi wataliendesha bovu. Anayelijali gari la maskini kwa moyo wa kweli hataacha kumtakia gari jipya, lakini atataka pia kwamba gari hilo jipya, litakapomfikia likiwa la mkono wa pili au wa tatu kama yanavyotufikia mengi, liwe bado linafunguka.

Na wapo wacha Mungu watakaouliza kama haya yote si kuitumikia dunia. Moyo wa mtu unaweza kweli kunaswa na chuma. Wapo wanaoyapangusa magari yao kuliko wanavyozitazama nyuso za wake zao. Ninalolitetea halina uhusiano na mapenzi hayo. Injili inasimulia habari za mtumwa aliyekabidhiwa mali akaifukia ardhini, akairudisha kama alivyoipokea, akalaumiwa. Qurani nayo inawakemea wafanyao israfu. Gari linalotupwa katika mwaka wake wa 12 kwa sababu moduli moja haikubali kusajiliwa ni israfu ya chuma, kioo na jasho la watu wa nchi tatu, na haipungui kuwa israfu kwa sababu uamuzi ulifanywa na programu. Anayelitunza gari hadi likamfae mtu mwingine baada yake hajaiabudu dunia. Ameipokea kama amana na anaipitisha.

Swali hili linazidi kuwa la haraka kwa sababu kizazi kingine cha magari kipo njiani. Mwaka 2024 Ethiopia ilizuia kuingiza magari ya petroli na dizeli, na magari ya umeme yanaonekana kwa wingi zaidi kila mwaka katika miji yetu. Gari la umeme halina oili ya injini, plagi wala mkanda wa taimingi, na kwa hiyo lingeweza kuwa gari rahisi kuliko yote kutunzwa na mwenyewe. Linaweza pia kuwa sanduku lililofungwa kuliko yote yaliyowahi kuuzwa, ambamo hali ya betri, yaani sehemu kubwa ya thamani ya gari, inajulikana na kampuni ya mbali na haijulikani na aliyelilipia. Lipi kati ya hayo mawili litatufikia, halijaamuliwa na sayansi. Kenya inakataa gari lililozidi miaka 8 kuingia nchini, Uganda inakataa lililozidi miaka 15, na yote mawili ni masharti ya umri. Hakuna ugumu wa kisheria wa kuongeza masharti ya uwazi: kitabu cha huduma kipatikane kwa anayekihitaji, namba za hitilafu zisomeke bila leseni, hali ya betri ionekane na mwenye gari, na spea halali isikataliwe na kompyuta. Anayeandikisha jina lake kwenye kadi ya gari anakubali kuulizwa siku breki zitakapokataa. Ana haki ya kujua, kabla hajalipa, kama ataruhusiwa kuzitazama.